Mlango Ambao Haji Hakuugonga

Asubuhi, kabla jua halijaukamata ukuta, Kinawi Abdelrasul amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya pazia la magunia aliyoyashona mwenyewe. Mkononi ana glasi ya chai nyeusi, tamu kupita kiasi. Brashi zake zimelala kwenye kopo la maji. Hachori. Anautazama ukuta kama mtu aliyeuliza swali na sasa anasubiri ajibiwe.

"Ngoja kwanza," anasema bila kugeuka. "Mkono wa kulia bado sijajua niuinue kiasi gani."

Upande wa pili wa magunia, watu wa kijiji cha Nagaa Sawaki wanapita na punda waliobeba majani ya ng'ombe, na kila anayepita ana la kusema.

"Fundi, umelala humo?"

"Nimekufa. Niombee dua upite."

"Tuoneshe kidogo basi, hata ndege tu!"

"Ndege utaiona ikitua."

Kinawi ana miaka hamsini na minne na anaishi ng'ambo ya mto, upande wa mashariki. Sehemu kubwa ya mwaka huandika majina kwenye vibao vya maduka na kupamba mikokoteni ya juisi ya miwa. Msimu wa hija ndipo anapokuwa mchoraji hasa.

Huku kwetu Saidi, kusini mwa Misri, mtu akienda Makka nyumba yake huchorwa kabla hajarudi, ili akishuka garini akute safari imemtangulia ukutani: Kaaba, ndege, minara ya Madina, na jina lake kwa herufi kubwa. Ukuta huo haufutwi. Huachiwa jua na upepo wauchukue taratibu, na anayeupaka chokaa kwa mkono wake huhesabiwa amejiitia nuksi nyumbani.

Kwa ukuta mzima Kinawi hulipwa pauni elfu tatu, na mara nyingine huongezewa bata. Wapo wanaolipwa zaidi yake na kumaliza kwa siku moja, kwa sababu wana karatasi zilizotobolewa umbo la Kaaba na ndege. Wanazibandika ukutani, wanapuliza rangi, wanaondoka. Yeye karatasi hizo hataki hata kuzisikia.

"Kaaba ni ya kila mtu, na ndege ni ya kila mtu," anasema. "Ukichora hizo tu, umechora kalenda. Mimi natafuta kitu kimoja ambacho ni cha huyu mtu peke yake, na kiwe kimetokea. Kama hakikutokea, sikichori hata unipe shamba la miwa."

Kukitafuta kitu hicho ndiko kunakomchukua muda. Huingia nyumbani kwa aliyesafiri, akanywa chai, akauliza maswali ambayo watu huona hayana maana. Alisahau kufunga nini? Alimwamsha nani asubuhi ya safari? Fimbo yake aliiacha wapi? Familia ikimwambia achore msikiti tu yaishe, huwauliza kama msikiti ndio uliomzaa.

"Watoto wa kiume hawajui kitu kuhusu baba yao," anasema. "Waulize wake zao. Wao ndio wanaokaa naye mchana kutwa."

Ndivyo ilivyokuwa kwa Hajati Sabra wa kijiji cha pili, mshonaji wa nguo za maharusi, ambaye ukuta wake una cherehani ya mguu kubwa kuliko ndege. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mlinzi mstaafu wa reli, aliyechorewa taa ya treni imewaka kijani mbele ya Kaaba. Watu waliicheka taa hiyo mpaka mwenyewe aliporudi, akaenda moja kwa moja kuishika ukutani, akaangua kilio. Baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Ukuta wa leo ni wa Bishari Hamdan, mwenye miaka sitini na minane. Mashamba yake ya miwa yanaanzia nyuma ya kijiji mpaka kwenye mfereji, na sauti yake ndiyo ya mwisho katika kila kikao. Kinawi hakuwahi kukanyaga Nagaa Sawaki kabla ya msimu huu. Alifika siku ambayo Bishari alikuwa akiaga.

Kuaga kwenyewe si kupunga mkono. Anayekwenda hija huzunguka mtaa mzima, mlango kwa mlango, akisema, "Nisamehe kama nimekukosea," na mwenye nyumba humjibu, "Umesamehewa, nawe tuombee." Mtu anakwenda mbele ya Mungu, hafai kwenda na mzigo wa jirani mgongoni.

"Nilimfuata nyuma," anasimulia Kinawi. "Mzee anagonga kwa fimbo yake, polepole, kama anaogopa kumwamsha mtoto. Mtu mzito kama yule, mwenye mashamba, anainama kwa kinyozi, anainama kwa muuza maharage! Nikasema moyoni, hii hapa, nimeipata. Sina haja ya kumuuliza mtu tena."

Maneno hayo aliyasema kwa furaha. Leo akiyakumbuka anajipiga paji la uso.

Nyuma ya magunia, mwandishi wa makala haya aliuona ukuta karibu kumalizika, na haoni haya kusema kwamba ulikuwa mzuri ajabu. Ndege ilikuwa ndogo, juu, pembeni. Chini yake ulipita mtaa wote wa Nagaa Sawaki, mlango baada ya mlango: ule wa mhunzi uliobandikwa vipande vya madebe, ule wa kinyozi Dakhli wenye mpini uliovunjika. Mwisho kabisa, upande wa kulia, palikuwa na mlango wa kijani, na mbele yake Bishari mwenyewe, kilemba kimeinama, fimbo imeinuliwa, yuko tayari kugonga.

Kwa nini alimsimamisha kwenye mlango huo na si mwingine?

"Hebu tazama ukuta," alijibu. "Kushoto kuna dirisha, kulia kuna mlango wa nyumba yao. Mtu mzima anaenea hapa tu. Nikaanza kupanga milango kama ilivyo mtaani, na ulioangukia hapa ni wa kijani. Halafu ione hiyo rangi! Milango mingine yote ni mbao kavu. Huu ni kama Mungu ameuweka kwa ajili ya mchoraji."

Akainua pembe ya gunia kuonesha mlango wenyewe. Uko ng'ambo ya njia, unatazamana na nyumba ya Bishari uso kwa uso, karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya huku, kule wanasema "Mungu akurehemu." Ulikuwa umefungwa.

Kinawi ana desturi ya kutomwonesha mtu ukuta mpaka umalizike, kwa sababu, anasema, midomo ya wapita njia imeharibu kuta nyingi kuliko mvua. Kwa hiyo hakuna aliyeona. Wake wa watoto wa Bishari, wale ambao siku zote huwauliza, walimletea chai na mkate kupitia chini ya gunia, wakarudi jikoni. Hakuwauliza lolote. Alikuwa na picha yake tayari.

Baada ya swala ya alasiri watu walijaa njiani kuona. Wanawake walikuwa wameshaanza kulowesha midomo kwa vigelegele. Mahrus, mtoto mkubwa wa Bishari, alisimama mbele amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kinawi akakata kamba, magunia yakaanguka.

Kigelegele kimoja kilianza, kikakatika katikati.

Watu walikuwa wakiutazama ukuta, kisha wanageuka kuutazama mlango wa kijani nyuma yao, kisha wanarudi kwenye ukuta. Mama mmoja alimfunika mwanawe macho, sijui alidhani picha itamfanya nini. Mke wa Bishari, Mama Mahrus, aliweka kiganja mdomoni.

"Fundi," alisema hatimaye, kwa sauti iliyokauka. "Umetufanya nini?"

Kinawi alidhani wameona kosa la herufi kwenye jina. Alisogea karibu, akasoma, akaona jina liko sawa.

Kinyozi Dakhli ndiye aliyeshindwa kuuzuia ulimi. "Basi Bishari amekwenda Makka na atarudi," alisema, "bila kujua kwamba alishagonga mlango huu!"

"Nyamaza wewe!" Mahrus alimkemea. "Fundi, baba yangu ulimwona wapi akigonga hapo? Ulimwona wapi? Nani amekulipa uje kutuvua nguo?"

"Kwani hakugonga?" Kinawi aliuliza.

Watu waliinamisha macho, naye akajua. Alipigwa na butwaa, brashi bado iko mkononi, rangi inamdondokea kwenye kiatu. Siku ile ya kuaga, mama mmoja alimvuta mkono anywe chai. Alipowafikia wenzake walikuwa wameshaupita mlango wa kijani, naye hakutia shaka. Nani anagonga mtaa mzima halafu anauruka mlango unaotazamana na wa kwake?

Anayeishi nyuma ya mlango huo ni Wahiba Hamdan. Ni dada yake Bishari, baba mmoja mama mmoja.

Miaka ishirini iliyopita baba yao alifariki akaacha ardhi. Wahiba, mjane mwenye mabinti wawili, aliomba fungu lake. Bishari akamwambia kuwa ardhi ya Hamdan haitoki kufuata mwanamke kwenye nyumba ya wengine, akamtumia gunia la ngano la kumpoza moyo, kama wanavyofanya wengi hapa. Wahiba alilikokota gunia lile mwenyewe, akalirudisha mlangoni kwa kaka yake mchana kweupe. Tangu siku hiyo hawajasemeshana, na wanafungua madirisha yao kwa zamu wasije wakaonana.

Mwandishi huyu ameishi Saidi muda mrefu wa kutosha, na hili atalisema bila kuling'ata. Fungu la mwanamke halijaandikwa na serikali wala na wageni. Limeandikwa kwenye Kitabu ambacho wanaume hawa hawa wanakisoma kwa sauti nzuri kila Ijumaa. Wakifika kwenye aya hiyo sauti haibadiliki. Wanapita tu, kama Bishari alivyoupita mlango wa kijani.

Tukiwa bado tumesimama pale, mlango wa kijani ulifunguka.

Wahiba ni mfupi, mnene kidogo, mikono imebabuka kwa tanuri. Anauza mkate wa jua, ule unaoachwa uumuke juani barazani. Alivuka njia. Watu walimpisha kama wanavyoipisha maiti. Alisimama mbele ya ukuta wa kaka yake akautazama, kwanza ndege, kisha milango, kisha mtu mwenye fimbo.

"Ndiye wewe fundi?"

"Ni mimi, mama."

"Ulimwona kwa macho yako akigonga?"

"Hapana, mama. Sikumwona."

"Kwa nini basi umemchora?"

"Nilidhani."

"Ulidhani." Alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Hata mimi nilidhani. Siku ile niliamka mapema nikaoga, nikavaa nguo safi, nikasimama nyuma ya mlango. Nilisikia fimbo kwa mhunzi. Nikaisikia kwa Dakhli. Nikaweka mkono kwenye komeo. Kisha nikaisikia fimbo imefika kwa jirani anayenifuata."

Mama Mahrus alianza kulia. Ni mwanamke anayejulikana kwa ulimi mkali, na machozi yake yaliwashtua watu karibu kama picha yenyewe. "Wallahi nilimwambia," alisema. "Usiku kucha nilimwambia, agonge hata mara moja!"

Mahrus alikuwa ameshatuma mtu kuchanganya chokaa. Mama yake alimzuia: ukuta wa haji haufutwi, tena mwenyewe bado yuko kwenye ihramu. Ndipo Mahrus, ambaye si mjinga, alipomvuta Kinawi pembeni akampa wazo jingine.

"Usifute kitu. Paka tu mlango rangi ya mbao. Ukiwa wa mbao, ni mlango wa yeyote. Robo saa umemaliza, fedha yako unachukua, hakuna aliyeumia."

Ilikuwa kweli. Kahawia ilikuwepo, kopo liko wazi. Kinawi alikiri baadaye kwamba aliliinamia kopo, akachovya brashi. Wahiba alikuwa bado amesimama pale pale, hakumwambia fanya wala usifanye. Alimtazama tu.

"Uongo wa kwanza niliufanya kwa kutojua," Kinawi alimwambia Mahrus. "Huu wa pili nitaufanya macho makavu, mbele ya mwenye mlango. Siuwezi, mwanangu. Baba yako akirudi, aamue mwenyewe."

"Basi na malipo umsubiri yeye."

"Nitamsubiri."

Mtaa mzima ulikubaliana kutomwambia Bishari kwa simu. Kwa watu wa Nagaa Sawaki, ambao hawawezi kunyamazia hata kuku aliyetaga mayai mawili, hilo nalo ni ajabu. Waliusubiri urejeo wake kama watu wanaosubiri mfereji upasuke.

Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na sisi tuliostaajabia ukuta tulikuwa hatujaona kitu.

Siku ya kurudi, basi dogo kutoka uwanja wa ndege wa Luxor liliingia na zumari na ngoma mbele yake. Kinawi alikuwepo. Anasema alipanda kivuko, akashuka, akapanda tena, kwa sababu mchoraji anayekimbia ukuta wake hapati mwingine. Bishari alishuka amekonda, kanzu nyeupe, macho mekundu kwa safari. Alikumbatia wajukuu, akakumbatia wanaume, kisha akauona ukuta, uso ukamchanua.

"Haa! Mtaa wetu!" Alianza kuisoma milango mmoja mmoja kwa fimbo yake. "Huyu mhunzi na madebe yake. Huyu Dakhli! Dakhli, hata Makka nimekwenda nikarudi na huo mpini hujautengeneza? Huoni aibu, mpaka umechorwa?"

Watu walicheka kicheko chembamba. Mzee alisogea kulia, mlango kwa mlango, akifurahi. Wapiga ngoma, ambao hawakuwa wa kijiji hiki, waliendelea kupiga mpaka mtu alipowashika mikono.

Alifika mwisho, akasimama. Fimbo yake ilibaki hewani, sawasawa kama ile ya ukutani.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Haji," alisema Kinawi.

"Na huu mlango?"

Kinawi alimwonesha ng'ambo ya njia kwa kidole.

"Nani alikwambia niligonga hapa?"

"Hakuna mtu, Haji. Nilidhani. Kosa ni langu."

Bishari aliishusha fimbo, akasema, "Leteni chokaa."

Mahrus alikimbia kama aliyefunguliwa kamba. Ndoo ilikuwa tayari tangu siku ile. Mama Mahrus alimshika mumewe mkono wa kanzu. "Haji, ndiyo kwanza umeshuka garini! Ukuta wa haji haufutwi! Unatuitia nuksi!"

"Unafutwa ukisema uongo," alisema Bishari.

Kinawi alinyoosha mkono apokee brashi, maana ni kazi yake. Mzee alimkatalia. Alikunja mkono wa kanzu ile nyeupe ya hija, akachovya mwenyewe, na akaanza na ngumi iliyoshika fimbo. Kisha mkono. Kisha kilemba, uso, kifua, mpaka nyayo. Alijipaka chokaa taratibu, bila kuruka sehemu, kama mtu anayemwosha maiti, na aliyekuwa akioshwa ni yeye mwenyewe. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Mwandishi huyu aligundua kuwa ameacha kuandika na kalamu imeanguka.

Alipomaliza, umbo jeupe la mtu lilikuwa limesimama mbele ya mlango wa kijani, likichuruzika.

"Baba," Mahrus alisema kwa sauti ya chini, "bado mlango."

Bishari aligeuka akamtazama mwanawe. "Mlango una kosa gani?" aliuliza. "Sikuugonga mimi. Nimetoka kwa Mungu jana, halafu leo ukuta unanisingizia wema?"

Kila mtu aliyekuwa pale alimsikia. Mzee ambaye kwa miaka ishirini hakukubali neno moja kuhusu dada yake litamkwe mbele yake, alikuwa amelitamka mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wapiga ngoma.

Ndipo mlango wa kweli ulipofunguka nyuma yetu. Wahiba hakuvuka safari hii. Alisimama kizingitini.

"Alhamdulillahi kwa kurudi salama, Bishari," alisema.

Ni salamu ambayo hata adui humpa aliyetoka hija. Lakini mzee hakuitazamia. Hakugeuka. Chokaa ilikuwa ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Mungu akusalimishe," alijibu akiutazama ukuta, kisha akaingia ndani kwake, na mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yake aliliwa na wageni peke yao.

Kinawi alirudi kwao bila kupokea malipo. Yalifika siku ya tatu kwa mkono wa Mahrus, kamili, pamoja na bata. Mahrus alikuwa na ombi pia: familia inataka pale penye weupe pachorwe mtende, mrefu, wenye tende. Wangelipa tena.

"Nikamuuliza, baba yako anajua? Akaangalia chini," anasimulia Kinawi. "Kumbe walishamwambia mzee, akawajibu, 'Acheni hivyo hivyo.' Nikamwambia Mahrus, basi na mimi naacha hivyo hivyo."

Sasa watu wanakuja hata kutoka mji wa Edfu kuutazama ukuta. Vijana husimama ndani ya umbo jeupe wapigwe picha, wakiinua mkono kana kwamba wanagonga, hadi Haji anapotoka na fimbo kuwatawanya. Wanasema akishawatawanya hubaki pale peke yake kitambo, mgongo ameuelekeza ukutani, uso ng'ambo ya njia.

Kinawi amepata kazi nyingine, na hajaacha kushtuka. "Najisifu miaka yote kwamba sichori kisichotokea," anasema. "Halafu anakuja mtu ambaye watu wanamwita dhalimu, ananifundisha kazi yangu kwa ndoo ya chokaa. Sijui nimheshimu au nimchukie. Vyote viwili vinakaa humu." Anajigusa kifua.

Siku hizi hachagui picha kwa siku moja. Anauliza pande zote mbili za njia, na akikuta mlango uliofungwa, anauliza kwanza ni kwa nini. Kazi inachelewa, na familia mbili zimemkimbia zikachukua wale wa karatasi zilizotobolewa. Hilo halimsumbui sana kama anavyosumbuliwa na ukuta wa Nagaa Sawaki. Nyumbani kwake, juu ya kabati, ameweka kopo lenye rangi aliyoichanganya upya kwa ajili ya kanzu na kilemba, na amelifunga kwa nailoni isikauke.

"Siku nikisikia amegonga, navuka mto siku hiyo hiyo, namrudisha pale bure. Sitaki hata chai. Lakini nimewaambia wote: nitamuuliza mama mwenyewe kwanza. Akisema amegonga, ndipo nafungua kopo."

Mama mwenyewe tulimkuta barazani akigeuza mikate yake juani. Hataki kuitwa shujaa wala kuulizwa kama ameshamsamehe kaka yake.

"Mtu haitikii hodi ambayo haijabishwa," alisema. "Aje kwanza."

Na shamba?

"La shamba tutaliongea akiwa amekaa ndani."

Nyuma yake mlango wa kijani ulikuwa wazi, pande zote mbili. Majirani wanasema uko hivyo tangu siku ya chokaa, mchana wote. Vumbi linaingia, kuku wanaingia, na juzi mbuzi wa Dakhli aliingia akala unga. Tulimuuliza kwa nini hata asiurudishie kidogo. Alitutazama kama watu tusioelewa jambo dogo.

"Asije akasema aligonga," alisema, "nami sikusikia."